Jina lisubiri, chumvi kwanza

Mwanangu alipozaliwa, mkunga alimgeuza, akamtazama tena, kisha akamfunika kimya. Kinembe chake kilikuwa kirefu mithili ya uume mdogo, na korodani hazikupapasika. Ndugu walikuwa mlangoni wakidai jina. Siku kumi nzima tukashinda na swali moja tu: ni wa kike au wa kiume?

Swali hilo nusura litupotezee mtoto. Siku ya kumi na moja alianza kutapika, akagoma kunyonya, akalegea mikononi mwangu kama kitambaa kilicholowa. Vipimo vya damu vilionyesha sodiamu imeshuka, potasiamu imepanda. Tezi zilizo juu ya figo zake zina upungufu wa kimeng'enya kimoja. Haziwezi kutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili maradhi, ya kutosha, wala homoni inayozuia chumvi isipotelee kwenye mkojo. Badala yake zilimwaga homoni za kiume tangu akiwa tumboni. Kromosomu zake ni XX, za kike, ana ovari na mji wa mimba. Ni binti.

Mzazi mwenzangu, ukiona maumbile ya kichanga chako hayaeleweki, au ukiambiwa ni wa kiume lakini korodani zote mbili hazionekani, usikubali kurudi nyumbani hivi hivi. Omba apimwe sodiamu, potasiamu, sukari na 17-hidroksiprojesteroni (homoni inayopanda sana kwa mtoto mwenye upungufu kama wa binti yangu), kisha kromosomu na altrasaundi.

Huenda ya mtoto wako ikawa hali nyingine kabisa. Hadi wiki ya sita hivi ya mimba, maumbile yetu sote huwa mamoja, ndipo jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida huwa kwenye kromosomu Y na iliyogunduliwa mwaka 1990, huanzisha korodani. Yupo mwenye XY, kromosomu za kiume, ambaye mwili wake hauitikii homoni za kiume. Hukua msichana, na familia hushtuka pale hedhi isipokuja. Msichana mwenye hali iitwayo Turner ana X moja kamili, kimo kifupi, na ovari zake kwa kawaida hukoma mapema. Wanaume wengi wenye XXY hujua wakiwa watu wazima, wanapotafuta mtoto.

Kuhusu upasuaji wa kurekebisha sura tu, mimi nilikataa. Mkojo unapita vizuri, na mwili ni wake; atakuja kuamua mwenyewe.

Leo binti yangu anakunywa hidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, mara tatu kwa siku. Akipata homa, tunaongeza dozi kama daktari alivyotuelekeza. Akitapika dawa, namchoma ile sindano ya dharura pajani na kumkimbiza hospitali, hata kama ni saa nane za usiku.