Ni hulka ya mtu au ni makundi? Naongea kama niliyepitia

Mleta mada umeuliza kama kuna watu wanazaliwa na hulka ya uteja, yaani uraibu wa pombe na dawa za kulevya, au ni makundi tu yanawaharibu. Mimi nimekunywa pombe miaka 9, mdogo wangu alikuwa kwenye unga, yaani heroini, acha nikueleze nilichokiona.

Hulka ipo ila sio moja. Mimi nilikuwa mtu wa wasiwasi tangu mtoto, nikiingia penye watu moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, siku ya kwanza nimekunywa ule moyo ukatulia, nikaongea, watu wakacheka, nikaona kumbe na mimi mtu. Dogo kinyume kabisa, haogopi chochote, anataka vitu vikali, akiwaza kitu saa hii ashakifanya. Baadae sana nikasoma kuwa mtafiti Patricia Conrod ametaja hulka nne za hatari: kutafuta msisimko, kukurupuka, kuogopa dalili za wasiwasi na kukata tamaa. Nikajiona mimi pale, nikamuona na dogo, nilikaa kimya muda mrefu. Kurithi pia kumo, kunachangia kama nusu hivi ya hatari, na mzee wetu alikuwa mnywaji.

Sasa makundi. Hakuna aliyenilazimisha hata siku moja, hilo watu hawalielewi, washkaji walikuwa wananipenda kweli, ila kila tulipokutana ilikuwa ni kunywa, nikijaribu kupumzika wiki moja nakuwa sina pa kwenda jioni. Angalia wanajeshi wa Marekani waliokuwa Vietnam, mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliporudi miaka ya 70, wengi waliokuwa wamenasa heroini kule hawakuendelea nayo nyumbani. Mazingira yalibadilika, watu waliowazunguka wakabadilika.

Dogo mara ya kwanza alitoka soba (nyumba ya kusaidia watu kuacha) akarudi chumba kilekile, simu ileile yenye namba zilezile, hazikupita wiki mbili akawa kwenye arosto tena, ile hali mbaya ya kuukosa unga, na sisi tukamuita hana msimamo. Hiyo kauli inaniuma mpaka leo. Mara ya pili alihamia kwa shangazi, akaanza dawa za kliniki, akapata kazi ya kubeba mizigo alfajiri, huu mwaka wa nne.

Kama kuna ndugu yako unamuulizia, usianze na kwanini huachi. Muulize siku ya kwanza kile kitu kilimpa nini. Mimi aliyeniuliza hivyo ni mshauri, na nilikuwa nshafika mwaka wa 9.