Funo kafa kwa gobore kabla sijamchinja, ni halali au ni kibudu?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Mi niko Liwale, tuna gobore aliloacha marehemu babu, mtutu wake mwembamba, natumia kupiga sungura, kanga na mara mojamoja funo au paa. Juzi nimempiga funo pembeni ya mikorosho, kama hatua ishirini na tano hivi, nafika namkuta keshakufa, kisu hakijamfikia. Mjomba kagoma kula anasema huyo mauquudha, na mama keshabandika chungu. Pia huwa nashindilia gobore nyumbani alfajiri na bismillah naisema palepale, nikifyatua sisemi tena, inatosha? Na kanga nikimpiga juu ya mti akaanguka keshakufa je?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Mwanangu swali lako limenigusa, maana utotoni nilikuwa nambebea babu yangu mdeki, ile fimbo ya kushindilia gobore, tukienda porini, naijua harufu ya ile baruti na ule moshi unaokuziba macho hata hujui umepata au umekosa, na bishano kama hili la mjomba wako nimelisikia sana barazani kwetu.

Mjomba ana hoja, usimwone mkorofi. Kwenye Suratul Maida aya ya 3 Mwenyezi Mungu kaharamisha mauquudha, yaani mnyama aliyekufa kwa kupigwa na kitu kizito, rungu, jiwe, gogo. Alafu kuna hadithi ya Adiy bin Hatim, Bukhari na Muslim wote wameipokea, yeye alikuwa mwindaji akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mi'raadh, ni fimbo ya kurushia wanyama, akajibiwa kwamba ikimpiga kwa makali yake kula, ikimpiga kwa ubavu wake akafa usile, huyo kapondwa. Fimbo ni hiyohiyo moja na mwindaji ni huyohuyo, kilichobadilisha hukumu ni jinsi mnyama alivyokufa, katobolewa damu ikatoka au kapondwa kwa uzito.

Sasa bunduki ya baruti haikuwepo zama zile, kwahiyo wanachuoni walipoiona wakatofautiana. Ibn Abidin wa Damascus, wa madhehebu ya Hanafi, alisema risasi haina makali, inaua kwa kuchoma na kwa nguvu ya msukumo wake, kwahiyo mnyama asipodirikiwa kuchinjwa haliwi, na mashehe wengi wa Kishafii, madhehebu yetu huku pwani na kusini, nao walishika msimamo mkali kama huo, nadhani ndo mjomba alikosomea. Upande wa pili Shaukani wa Yemen alisema bunduki hizi zimefika nchini kwao karne ya kumi ya Hijria tu, watu wakamuuliza, na yeye akaona ni halali kwasababu risasi inatoboa, inaingia huku inatokea kule. Wanachuoni wengi wa Kimaliki wa zama za mwisho nao wamehalalisha, na wengi wa zama zetu wako huko. Mimi na mimi naegemea huko, kwasababu ndivyo hadithi ya Adiy inavyotufundisha kuangalia, kitu kikipenya na kumwaga damu kinaingia upande wa makali hata kama chenyewe ni duara.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Wanachuoni waliohalalisha walikuwa wanazungumzia risasi inayopenya, na gobore la mtutu mwembamba sio mara zote linapenya. Baruti yako ikiwa kidogo au imepata unyevu, au umeshindilia vikokoto na vipande butu vya chuma badala ya risasi, au mnyama yuko mbali, vile vipande vinafika vimechoka. Sungura na kanga ngozi yao laini vinaingia, ila funo au paa vinaweza kumvunja mbavu tu na kumzimisha. Nimewahi kumchuna paa mmoja na babu, nje hana tundu hata moja, tulipovuta ngozi tukakuta damu imevilia chini yake nyeusi kama ini, na mbavu mbili zimevunjika. Babu alikuwa ana njaa kama sisi lakini alimwachia mbwa. Huyo ndo mauquudha mwenyewe.

Kwahiyo funo wako, ngozi ipo? Itandaze uiangalie. Ukikuta tundu limeingia mwilini na damu imetoka, huyo ni halali, mama apakue na mle kwa amani, na mjomba asilazimishwe, anafuata kauli ya wanachuoni wakubwa. Ukikuta hamna tundu basi chungu hicho kimwage, najua inauma. Na ukishindwa kujua kabisa pia achana naye, maana Mtume (s.a.w.) alimwambia Adiy kwamba akimkuta windo wake ametumbukia majini asile, kwasababu hajui ni maji au ni mshale uliomuua.

Bismillah ya alfajiri haikai pamoja na baruti mpaka jioni mwanangu. Kwenye kuchinja bismillah inasemwa kisu kikiwa shingoni, kwenye kuwinda inasemwa pale unapokiachia chombo, yaani kidole kiko kwenye kifyatulio na mnyama unamwona. Faida yake ni kwamba ukimlenga kanga mmoja kwenye kundi risasi ikampata mwenzie, huyo mwenzie halali. Kwa zile za nyuma usibabaike, kwetu Mashafii bismillah ni sunna iliyokazaniwa, hata ukisahau nyama haiharibiki, ila wenzetu wa madhehebu mengine wanaifanya sharti, kwanini ujiweke kwenye mashaka kwa neno moja.

Kanga wa mtini, kama risasi imemtoboa akaanguka moja kwa moja chini, halali, kuanguka ardhini kunasamehewa kwasababu ndege hana pengine pa kuangukia. Ila kama jeraha dogo alafu akajigonga tawi hili na lile ndo akafa, huyo muache.

Na kisu kiwe kiunoni muda wote. Gobore lina risasi moja tu, mpaka ushindilie tena mnyama keshafika bondeni au keshakata roho, kwahiyo ukipiga kimbia hapohapo. Ukimkuta ana uhai wa kweli, anahema na kurusha miguu kwa nguvu, usimsubirie afe eti kwasababu nimeshasema bismillah, ukimwacha makusudi na kisu unacho amekuwa kibudu mkononi mwako.

Hujaniuliza kuhusu vibali lakini nitakuambia maana nakupenda. Kibali cha marehemu ni cha marehemu, hilo gobore nenda nalo polisi ulisajili au ulisalimishe, na kuwinda kwenyewe kunataka leseni kwa sheria ya wanyamapori ya 2009. Nyama haigeuki haramu kwa kukosa leseni, ila kuvunja sheria iliyowekwa kwa maslahi ya watu ni dhambi peke yake, na sitaki mama yako aje kukupelekea chakula mahabusu. Na ule mtutu wa zamani mpelekee fundi anayejua, baruti ikizidi unakupasukia usoni, na Mola wetu katukataza tusijitupe kwenye maangamizi kwa mikono yetu.

Ukishaiangalia hiyo ngozi niletee habari, na mjomba msalimie sana. Wallahu aalam.