Kipupwe Juu ya Pikipiki: Majibu ya Maswali Yenu

Kipupwe kimeingia, na maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu wanaowasha pikipiki kabla jua halijachomoza: Makambako, Njombe, Makete, Lushoto, na mmoja wa Kinangop kule Kenya. Niliendesha bodaboda Nyanda za Juu Kusini kwa miaka kadhaa, na baridi ya Julai naijua mpaka ndani ya kucha. Tuanze.

"Navaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, lakini nikitoka alfajiri kwenda Njombe nafika vidole sivisikii. Niongeze ya tatu?" (Dereva wa bodaboda, Makambako)

Usiongeze. Na hiyo ya pili, kama inabana, ivue. Kidole kinapata joto kutoka kwenye damu, na glavu ikibana sana inaizuia damu hiyo kufika. Ila tatizo lako kubwa nadhani liko kifuani. Mwili ukiona kifua kinapoa, unapunguza damu ya mikononi na miguuni ili moyo na mapafu visipungukiwe joto. Unaweza kuwa na glavu nzuri kuliko za wote kijiweni na bado vidole vikafa ganzi, kwa sababu koti lako linapitisha upepo.

Upepo ndio adui wenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 10 nawe ukaenda kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kama vile hewa ni nyuzi 5. Ikiwa nyuzi 5, inapoa kama iko chini ya sifuri. Na Makambako hamhitaji kuambiwa upepo ni nini, hata mkiwa mmesimama.

Kwa hiyo anza na kifua na shingo. Ndani vaa fulana kavu, juu yake sweta, ikiwezekana la sufu, mitumba yamejaa. Juu kabisa vaa kitu kisichopitisha upepo, hata koti la mvua siku ambayo hakuna mvua. Shingoni zungusha skafu na ncha zake uzifukie ndani ya koti. Ukishamaliza hapo ndipo uje kwenye mikono: glavu moja pana yenye manyoya ndani, na mbele ya kila mshikio funga kinga ya upepo. Dumu la mafuta ya kupikia la lita 5 likikatwa katikati linatoa kinga mbili. Hakikisha tu haligusi breki wala klachi, na kata usukani wote kulia na kushoto ujaribu kabla ya kuondoka.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mikono iliyokufa ganzi si suala la raha. Kuna asubuhi abiria wangu alijichomolea chenji mwenyewe mfukoni mwangu, maana vidole havikuweza kutenganisha noti mbili. Nikabaki nimesimama pale najiuliza: vidole hivi hivi ndivyo vilivyokuwa vinashika breki dakika mbili zilizopita? Kwa kilomita 60 kwa saa, kila sekunde unayochelewa kubana breki umeshasogea zaidi ya mita 16. Ukiona vidole havisikii, simama. Viweke kwapani mpaka virudi. Usivishikize kwenye injini wala ekzosi kama wengi wanavyofanya; kidole chenye ganzi kinaungua na wewe huna habari.

"Shikamoo. Vijana hapa wanavaa koti nyuma mbele, wengine wanajaza magazeti kifuani. Ni mtindo tu au kuna maana?" (Mwalimu, Lushoto)

Marahaba, Mwalimu. Kuna maana kubwa. Upepo unaingilia kwenye zipu, sasa ukigeuza koti, mgongo mzima usio na mshono unakaa mbele. Magazeti nayo yanashika hewa katikati ya kurasa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Gazeti likilowa, litupe. Ninachowaomba vijana wako ni kwamba koti lililogeuzwa lifungwe vizuri mgongoni, lisipepee, na lisibane mabega kiasi cha kushindwa kugeuza shingo kutazama nyuma.

"Wenzangu wanasema tupige kidogo kabla ya kuondoka, eti pombe inachemsha damu. Ni kweli?" (Kijana wa kijiweni, Njombe)

Hapana. Iwe ulanzi au pombe kali, inachofanya ni kutanua mishipa midogo ya ngozi. Damu ya moto inakimbilia juu, unasikia joto usoni, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka nje kwenda na upepo. Na umempakia mtoto wa mtu. Kunywa uji au chai ya tangawizi, kula kitu cha kushiba. Mwili wenye njaa hauna cha kuchoma.

"Nina mtoto wa miezi minne na kliniki ni mbali, bodaboda ndiyo usafiri wetu. Nimfunike vipi asipate baridi?" (Mama, Makete)

Mama, kwanza jaribu kuhamisha saa. Kule kwenu kuna asubuhi nyasi zinaganda barafu. Ukiweza kutoka saa nne jua likishapanda badala ya saa moja, utakuwa umemsaidia mtoto kuliko blanketi lolote. Mtoto mchanga anapoteza joto haraka, na sehemu kubwa inatokea kichwani, kwa hiyo mvalishe kofia ya sufu, soksi na nguo mbili tatu nyepesi badala ya moja nzito.

Mfunge mbele, kifuani kwako, chini ya koti au shuka lako, ili joto lako limfikie na mgongo wa dereva umkinge. Hapo kuna jambo moja la kuangalia sana: pua yake. Kila baada ya dakika chache inamisha kichwa umtazame, uhakikishe uso haujabanwa kifuani wala kufunikwa. Asiyelia si lazima awe amelala salama. Mwambie dereva aende polepole na asimame ukimgusa bega. Anayekataa, teremka utafute mwingine. Na ncha za kanga zikalie. Zikining'inia zinashikwa na spoku au mnyororo, na zikishikwa zinamvuta mtu chini.

"Kioo cha helmeti kinajaa mvuke nikipumua. Nikikifungua, machozi yananitoka." (Mwendeshaji, Kinangop)

Paka sabuni ya kipande, kavu, upande wa ndani, kisha sugua kwa kitambaa laini mpaka kiwe angavu. Asubuhi inayofuata rudia. Skafu ishushe chini ya pua ili pumzi isipande kwenye kioo. Usikisafishe kwa petroli, itakiharibu.

"Nalaza pikipiki chumbani kwa kuogopa wezi. Asubuhi baridi inakuwa kali, naiwasha humo humo ipate moto kwanza. Kuna ubaya?" (Dereva, Mafinga)

Kuna ubaya mkubwa, ndugu yangu, acha leo. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na ndani ya chumba inaweza kuua waliolala. Jiko la mkaa la kuotea usiku mlango ukiwa umefungwa ni hatari ile ile. Isukume nje, vuta choki, piga kiki, subiri injini itulie, kisha rudisha choki. Upepo wa tairi pia upime asubuhi, kwa sababu baridi inaushusha.

"Mwenzetu alinyeshewa manyunyu njia nzima. Alifika anatetemeka, baadaye akaacha kutetemeka, akaanza kuongea kama mlevi na kujikwaa. Tulimcheka. Ilikuwa nini?" (Kijiwe cha bodaboda, Makete)

Alikuwa kwenye hatari, na nashukuru yuko hai. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, ubongo unaanza kuchoka: maneno yanavurugika, miguu inapishana, mtu anataka tu kulala. Wengi hudhani kuacha kutetemeka ni nafuu. Mara nyingi ni mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha. Nguo mbichi ndizo zilizomfikisha hapo, maana maji yanaondoa joto mwilini haraka mno kuliko hewa kavu.

Likitokea tena, mwingizeni ndani, mvueni nguo zote zilizolowa, mfungeni blanketi kavu mpaka kichwani, uso ukiwa wazi. Mmoja wenu amkumbatie ndani ya blanketi hilo. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpeni chai ya moto yenye sukari ya kutosha, taratibu. Msimsugue mikono na miguu, msimweke karibu kabisa na moto, msimpe pombe. Kama haeleweki anachosema, apelekwe kituo cha afya kwa gari, si kwa pikipiki, na pikipiki yake ilale hapo kijiweni mkiilinda.