Koivu ni wawili

Juzi kijana wetu wa fildi kaniletea skripti ya hoki ya barafu inayosema Teemu Selänne, yule Mfini, alifunga magoli 132 katika msimu wake wa kwanza na timu ya Winnipeg. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, umeyahesabu?" Akajibu, "Kaka, imeandikwa kwenye jedwali." Imeandikwa, ndiyo, safu ya mwisho. Zile ni pointi: magoli 76, asisti (pasi za magoli) 56. Na hayo magoli 76 ya msimu wa 1992–93 ni rekodi ya mchezaji wa msimu wa kwanza katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, ambayo mpaka leo haijavunjwa. Mchuzi ulikuwa umekolea tayari, yeye kaongeza chumvi bila kujua.

Huyu ni wa nne kuniletea kosa hilihili, kila mmoja na mwaka wake. Kwa hiyo naandika mbandike ukutani pale juu ya printa, koo langu lipumzike.

1. Soma vichwa vya safu kabla ya namba. G ni magoli, A ni asisti, P ni pointi, yaani jumla ya hizo mbili. PIM ni dakika za adhabu, si dakika alizocheza. Kuna mmoja wenu, simtaji, anajijua, alituandikia kwamba beki fulani "alipewa nafasi ya dakika 80 tu msimu mzima". Alipewa kweli, ila za kukaa kwenye kibanda cha adhabu.

2. Kuchaguliwa kwenye drafti, pale timu za NHL zinapogawana vijana, si kuhama. Selänne alichaguliwa na Winnipeg mwaka 1988, akaenda 1992. Miaka yote hiyo kati yupo Helsinki na klabu yake ya Jokerit. Msimpandishe mtoto wa watu ndege siku ya drafti.

3. Msimu mtupu si jeraha. NHL ya 2004–05 haikuchezwa hata mechi moja, wamiliki na wachezaji waligombana kuhusu mishahara. Ukiona pengo hapo, mtafute mtu wako kwenye ligi nyingine kabla hujamvunja goti. Saku Koivu alirudi kwao Turku, Finland, kuichezea klabu ya TPS. Mdogo wake Mikko alikuwa Houston, kwenye ligi ya daraja la chini ya NHL. Na kwa kuwa nimewataja hawa ndugu, acha nitubu mara moja.

4. Koivu ni wawili.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili, Februari 28, 2010. Olimpiki ya Vancouver. Finland ilikuwa inamsubiri Slovakia kugombea shaba, mechi ambayo kwa saa zetu ilikuwa inaanza saa 12 asubuhi. Mimi niko zamu ya usiku, peke yangu na mlinzi, na nimejitwisha makala ya dakika tatu kuhusu nahodha wa Finland. Hakuna aliyeniagiza. Nilitaka mhariri aamke akute nimefanya maajabu.

Nikafungua kurasa mbili. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana watu husema nilikuwa mzembe. Sikuwa mzembe. Nilihakiki! Kazaliwa Turku? Kurasa zote mbili: Turku. Katokea TPS? TPS. Anacheza katikati? Katikati. Amekuwa nahodha wa timu ya NHL? Amekuwa. Kila nilichokagua kililingana, nami nikafurahi kama mwizi aliyekuta mlango wazi. Haikunipitikia kichwani kwamba nimechagua kukagua yaleyale ambayo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja lazima wafanane.

Basi nikawaunganisha. Mwaka wa kuzaliwa nikauchukua kwa mdogo, 1983. Unahodha wa timu ya Montreal, ulioanza 1999, nikauchukua kwa mkubwa, aliyezaliwa 1974. Pigeni hesabu wenyewe: niliwatangazia Watanzania kwamba Montreal Canadiens iliongozwa na mtoto wa miaka 16. Kisha nikaingia kwenye saratani. Saku ndiye aliyegundulika na saratani ya limfu Septemba 2001, akatibiwa, na Aprili 9, 2002 akarudi uwanjani Montreal, watu wakasimama wakimpigia makofi kwa takriban dakika nane. Niliisoma sehemu hiyo kwa sauti ya chini, ya huzuni, nikaweka na muziki wa piano. Kisha nikamalizia: "Leo hii, Mikko Koivu ndiye nahodha wa Minnesota Wild, na asubuhi hii anaiongoza Finland." Nilikaribia kulia mwenyewe.

Simu ya studio ikalia kabla muziki haujaisha. Mama mmoja wa Kifini, ameishi Iringa miaka mingi na misheni, Kiswahili chake kinanizidi. Hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. Akasema, "Mwanangu, shikamoo huijui? Basi sawa. Umemtia mdogo mtu maradhi ya kakaye." Nikaanza kujitetea kwamba nimehakiki. Akaniuliza, "Umehakiki nini? Kwamba wanatoka Turku? Turku wanatoka watu wengi."

Mhariri akanilazimisha nisome masahihisho mwenyewe, saa 2. Sasa, mtu aliyeungua anatakiwa apulize hata mtindi, sivyo? Mimi kwa haraka ya kujisafisha nikasoma: "Nahodha wa Finland ni Saku Koivu, ambaye pia ni nahodha wa Montreal." Alikuwa! Aliondoka Montreal mwaka 2009, wakati ule yuko timu ya Anaheim anacheza pamoja na huyohuyo Selänne. Simu ikalia tena. Safari hii mama alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Finland nayo, wakati natubu mara ya pili, ilikuwa imetoka nyuma 3–1 na kushinda 5–3. Matokeo hayo niliyasahau kabisa kuyatangaza.

Tangu siku hiyo, nikiwa na ndugu wawili naandika kwanza walipoachana: mkubwa alichukua ubingwa wa dunia wa 1995, wa kwanza kwa Finland, pale Stockholm mbele ya Waswidi wenyewe, mdogo alikuwa nahodha wa ubingwa wa 2011, na Waswidi wakala tena, 6–1. Nadhani hata wao wanaziogopa familia za Turku.

5. Jokerit ilipoingia ligi ya KHL mwaka 2014 haikuhamia Urusi. Ilikuwa Helsinki ikicheza ligi inayoongozwa na Warusi, ikajitoa 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine.

6. Matamshi: irabu za Kifini wala zisiwatishe, Koivu soma kama ulivyoandika. J isome kama Y, kwa hiyo Jari Kurri, Mfini mwingine wa hoki, ni Yari. Na zile nukta mbili juu ya a si uchafu wa kioo.

7. Nilitaka hapa niseme kuhusu mechi za mchujo, kwamba takwimu zake hazijumlishwi na za msimu wa kawaida, lakini kijana wa Selänne amenikatiza. Ameleta skripti mpya, ya Aleksander Barkov, Mfini wa kwanza kunyanyua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, akiwa nahodha, Florida Panthers, 2024. Asisti ziko mahali pake, pointi pia. Nikaanza kufurahi. Mstari wa pili: "Barkov, aliyezaliwa Novosibirsk mwaka 1965..."

Huyo ni baba yake. Jina moja, na wote wawili wamechezea Tappara, klabu ya Finland.

"Umehakiki?" nikamwuliza.

"Nimehakiki, kaka. Jina, na Tappara."

Nimemtuma chapati mbili na chai ya rangi. Akirudi avute kiti, nimsimulie habari za mama wa Iringa.