Kusaka hitilafu za C++ kwenye Linux

Ndugu, mmeuliza mtumie zana gani kusaka hitilafu. Kwa timu ya watu sita mnaoandika programu kwa lugha ya C++ hapo Ntinda, anzeni na GDB, zana ya kusimamisha programu na kuikagua hatua kwa hatua. Ni ya bure, ipo tangu 1986, na ina gdbserver, sehemu ya kukagua kwa mbali: programu inabaki kwenye mashine ya mteja kule Gulu, nanyi mnaikagua mkiwa Kampala. Wenye Mac watumie LLDB, zana ya aina hiyohiyo.

Ila zana ninayoipenda hasa ni rr, ya Linux. Inarekodi programu ikiendeshwa, kisha mnairudia vilevile, hata kurudi nyuma hadi mstari ulioharibu data. Kwa hitilafu inayojitokeza mara moja kwa wiki, hiyo ndiyo dawa. rr inahitaji vihesabio vya prosesa (sehemu zake zinazohesabu kazi inazofanya), na seva nyingi za kukodi huvizuia, kwa hiyo ijaribuni kwanza kwenye kompyuta ya ofisini.