Kabla hujabadilisha feni ya bafuni, fuata bomba lake

Feni yetu ya bafuni ilikuwa inanguruma hadi sebuleni, na bado kioo kilikaa na mvuke nusu saa baada ya mtu kuoga. Nikanunua mpya, nikaifunga, kelele zikaisha. Wiki chache baadaye madoa meusi ya kuvu yakarudi palepale kwenye kona ya dari.

Nilipopanda darini na tochi ndipo nikaelewa. Bomba la kupeleka hewa nje lilikuwa limechomoka kwenye shingo ya feni, na mvuke wote ulikuwa unaishia humo ndani. Mbao zilikuwa zimelowa, ukizibonyeza kwa kidole zinaingia. Iliniuma sana, maana kuangalia tu kabla ya kununua kungeniokoa.

Kwa hiyo anza hivi. Futa vumbi kwenye wavu, washa feni, kisha weka kipande cha tishu kwenye wavu huo. Kikinata, hewa inavutwa. Lakini usiishie hapo, kwa sababu hata yangu ilinata! Toka nje uangalie kama kile kifuniko cha tundu la ukutani kinafunguka na hewa inatoka. Kama haitoki, tatizo liko njiani. Bomba liwe fupi, limenyooka, na liinamie nje kidogo ili matone yasirudi kwenye mota. Viungo vizibe kwa tepu ya alumini.

Ukishajiridhisha kwamba feni ndiyo mbovu, pima bafu: urefu mara upana mara kimo, kisha zidisha kwa 8. Bafu la mita 2 kwa 2.5 lenye kimo cha mita 2.4 lina mita za ujazo 12, hivyo tafuta feni ya kama mita za ujazo 100 kwa saa. Pima pia tundu la dari na kipenyo cha bomba. Ukilazimisha bomba jembamba, feni nzuri itakuwa dhaifu na yenye kelele.

Kuhusu umeme, nakusihi: zima kwenye breka, si swichi ya ukutani tu, na uhakikishe kwa testa kabla ya kugusa waya. Piga picha ya waya zilivyofungwa. Ukiona usichokielewa, mwite fundi umeme.

Tena kuna mlango. Feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna inayoingia. Wangu ulikuwa unagusa sakafu, nikaukata chini sentimita moja na nusu, na siku hizi tunaiacha feni ikizunguka dakika 20 baada ya kuoga. Ile kona ya dari imekauka.