Kabla Hujamwambia Mwimbaji Arudie, Angalia Bafa

Jumamosi nimerekodi kwaya hapa Majengo, Moshi. Nyimbo nne kwa siku moja, na hakuna aliyevua hedifoni. Nilipofunga studio usiku nilikaa kimya kwanza, nikamshukuru Mungu.

Maana miaka miwili iliyopita, chumba hikihiki, mama mmoja muimba solo alizivua katikati ya ubeti wa pili, akaziweka mezani taratibu. "Mwanangu, sauti yangu inanifuata nyuma." Nikamwambia arudie. Akarudia mara saba. Baadaye nikasikia wamekwenda kumalizia Arusha, kwa prodyuza mwingine. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu mama yule hakuwa na kosa. Kompyuta yangu ndiyo iliyokuwa inachelewa.

Bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta inalikusanya kwanza kabla ya kulishughulikia, niliiacha sampuli 1024; sampuli ni kipande kidogo sana cha sauti. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 23 sauti ikiingia na 23 nyingine ikitoka. Mtu anajisikia mara mbili: mdomoni mwake, halafu masikioni. Ataimbaje?

Nikashusha hadi 128, kama milisekunde 3 hivi. Fungu likawa dogo mno, kompyuta ikashindwa kwenda na kasi, sauti ikaanza kupasuka kama bisi kwenye sufuria. Nikapandisha, nikashusha, miezi ikapita nikilaumu laptopu. Kumbe nilikuwa kwenye draiva (programu inayoiunganisha kadi ya sauti na kompyuta) ya kawaida ya Windows, na kadi yangu ina draiva yake ya ASIO, ile inayopitisha sauti kwa haraka zaidi. Wai-Fai nimeiwasha, laptopu iko kwenye hali ya kubana betri, na kila traki nimeipachika mwangwi.

Weka draiva ya aliyetengeneza kadi. Zima Wai-Fai. Rekodi kwa 128, ikikwaruza nenda 256. Ukifika kwenye kumiksi rudisha 1024, maana pale hakuna anayejisikiliza. Na kadi yako ikiwa na kitufe cha kupeleka sauti ya maiki moja kwa moja kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta, kitumie.

Lakini ndugu zangu maprodyuza, tunajinyima tununue maiki ya bei, halafu ukurasa wa mipangilio hatuufungui hata mara moja! Mwimbaji akikwambia sauti inamfuata, mwamini. Sikio lake ni kipimo. Usimvunje moyo mtu aliyeacha shughuli zake akaja kuimba.

Jumamosi, kabla ya wimbo wa kwanza, nilimvalisha hedifoni muimba solo, nikapiga kofi moja mbele ya maiki.

"Umesikia makofi mangapi, dada?"

"Moja tu."

Tukaanza.